Ubao wa Pasi

Ilianza na harufu. Katika duka la dobi, harufu ya kitu kinachoungua humfanya kila mtu aache alichoshika, na mwenye duka akaacha. Alikuwa ameinama juu ya meza ya pasi, akiunyoosha kwa viganja mkono wa shati jeupe la mteja mmoja asiyependa mchezo. Mtaa mzima ulimwita Mama Kifua Mbele, na sababu yake ilionekana hata kwa mtu aliyepita ng'ambo ya barabara. Akanusa, akanusa tena, kisha akamkata jicho mpiga pasi wake.

"Wewe Bi Mvuke, umeunguza nini tena? Juzi suruali ya mwalimu, leo ya nani?"

Bi Mvuke alikuwa mama mtu mzima mwenye mdomo usio na breki. Alisimama kwenye meza ya pili, mikono kiunoni, pasi yake imezimwa. "Mimi? Mimi si huyu hapa, nimesimama bure kama mgeni? Angalia shati lako huko, usi..." Hapo macho yakamtoka. "Mungu wangu! Mama, unaungua wewe!"

Kweli. Pasi ilikuwa imesimamishwa ukingoni mwa meza, ya moto kabisa, na mwenyewe katika kuinama alikuwa ameiegemea kwa kifua. Blauzi ilikuwa imetoboka na kitambaa kimejikunja na kuganda kwenye ngozi. Bi Mvuke alipokibandua, kikatoka na ngozi yake. Chini kulikuwa na alama ya ncha ya pasi, nyeupe pembeni, nyekundu mbichi katikati, na harufu ile haikuwa ya shati la mtu yeyote. Ilikuwa ya nyama.

Na yeye hakusikia kitu. Si kwamba alivumilia, la. Hakusikia kabisa, kama vile aliyeungua ni mtu mwingine.

"Pole, pole mama yangu, inauma sana?" Bi Mvuke alikuwa anahangaika na maji ya baridi.

"Aaah! Inauma!" akalia Mama Kifua Mbele, akauma meno, akakunja uso. Hebu fikiria. Mtu anaigiza maumivu ya mwili wake mwenyewe, tena mbele ya kidonda kilicho wazi! Hata yeye alijitia kichefuchefu.

Sasa tuyaseme, maana mtaa ulikuwa haujui. Kifua kile hakikuwa chake. Mwanamke huyu alivunja ungo akiwa bapa, akaolewa bapa, akazaa bapa, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Ni mumewe, bwana mmoja mpenda sifa, aliyemwambia siku moja mezani, mdomo umejaa chakula, kwamba akitembea naye anaona haya, watu watadhani ametoka na mdogo wake wa kiume. Mwanamume mzima na ndevu zake! Badala ya kummwagia mchuzi kichwani, mke akalia, halafu akakubali. Wakasafiri hadi kwa daktari aliyekuwa anasifiwa, akachanwa, akatiwa mifuko miwili ya jeli, akashonwa. Walipohamia mtaa huu, binti yao alikuwa bado hajui kuvaa viatu peke yake, na majirani wakamkuta mama tayari yuko hivyo alivyo. Jina wakampa hao hao.

Miaka ya mwanzo alijidai, tusimnyime haki yake. Halafu uozo ukaanza. Mwili si mjinga. Ukitiwa kitu usichokijua, unakijengea ukuta. Nyama ikauzunguka mfuko wa kushoto, ikaubana, ikaubana, mpaka ziwa likawa gumu kama kiazi kibichi na kupanda juu likitafuta mtulinga. Akarudi akapasuliwa, akatiwa mfuko mwingine. La kulia nalo likaanza kuvuja kimyakimya, likasinyaa upande mmoja, ngozi ikaingia makunyanzi unayoweza kuyahesabu kwa kidole. Akapasuliwa tena. Kila mara ngozi ikawa nyembamba zaidi, na ukingo wa mfuko ukawa unaonekana chini yake kama ukingo wa sahani chini ya kitambaa. Akilala chali, hayaendi popote, yanasimama yanamtazama. Akilala kifudifudi hawezi. Siku za baridi yanakuwa ya baridi kuliko mwili wake wote, anayasikia ubavuni kama kalala na chupa iliyotoka kwenye friji. Chini yake jasho halikauki; upele, poda, upele tena, na kaharufu fulani ambako hakuna sabuni dukani kwake iliyokaweza. Na kwa kukatwakatwa kule mishipa ikafa. Ngozi yote ya mbele ikawa ganzi, chuchu na vyote.

Mume mwenyewe alikuwa keshaondoka zamani, kafuata kifua kingine. Ptuu!

Mwaka huu vikamtoka vinundu kwapani. Akaenda hospitali ya kawaida, na mama daktari wa pale akaviminya kwa vidole, akapiga picha, akamwambia bila kuzungusha: jeli imevuja na kuhamia kwenye tezi. Iko kwapani sasa. Mifuko itolewe yote miwili, na mapema, na kisirudishwe kitu.

"Nitarudi, daktari," alisema. Hakurudi. Na si kisu alichokiogopa, maana visu alishavizoea. Alimwogopa bintiye.

Kwa sababu kulikuwa na uongo, na uongo huo ulikuwa mbaya kuliko mifuko. Binti alikua akawa bapa kama mama alivyokuwa, na watoto wa shule, kwa kuwa walijua kwao kuna duka la dobi, wakamwita Ubao wa Pasi. Akarudi nyumbani analia, sare imelowa machozi. Ile ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia. Badala yake mama akajiweka sawa kwenye sindiria yake na kusema, "Nyamaza, mwanangu. Wanawake wa ukoo wetu tunachelewa. Hata mimi yangu yalikuja baada ya kukuzaa wewe."

Mtoto wa watu akaamini, akasubiri. Alisubiri shule nzima. Alisubiri hadi harusini, ambako mama mwenyewe alimjazia pamba kwenye gauni na kumnong'oneza, "Bado kidogo tu." Akapata mimba, akajifungua mtoto wa kiume, maziwa yakajaa, akamwita mama chumbani aje atazame, anacheka kama aliyeokota kitu njiani. Kisha mtoto akaacha kunyonya, na kifua kikarudi kulekule. Hapo binti akachoka kusubiri.

Alikuja dukani kesho yake baada ya ile pasi, ametoka shule ya chekechea anakofundisha, mtoto mgongoni. Bi Mvuke akampokea kwa vifijo na kumfungua mtoto.

"Haya, mume wangu mdogo, nenda kwa bibi yako," akasema, akamkabidhi mtoto kwa Mama Kifua Mbele.

Mtoto akafika kifuani, akalaza shavu, akalinyanyua. Akajaribu upande wa pili. Akaanza kujinyonganyonga na kulia, mikono anamnyooshea Bi Mvuke.

"Mh! Huyu naye," Bi Mvuke akacheka. "Godoro lote hilo analikataa!"

"Mama," binti akasema, "Alhamisi nakwenda kupimwa. Wiki inayofuata napasuliwa kifua. Nataka uje unishikie mtoto."

Mama Kifua Mbele akamrudisha mtoto kwa Bi Mvuke. Plasta ilikuwa chini ya blauzi, na yeye hakujua hata kama iko sawasawa au imebanduka. "Kupasuliwa? Una wazimu? Mwili mzima hauna hata kipele, ukaukatekate? Si uridhike ulivyo?"

"Niridhike!" Binti akageuka kama aliyepigwa kofi. "Wewe ulipewa bure, Mama. Unaingia mahali watu wanageuza shingo. Mimi umenisubirisha maisha yangu yote, na sasa unaniambia niridhike? Sitaki makubwa. Nataka yawe kama yako tu."

Kama yako tu! Mama akashika kifungo cha blauzi yake. Maneno yalikuwa yamefika kooni kabisa. Mteja wa shati jeupe akaingia, akasalimia, macho yakatua palepale yanapotua macho ya wanaume wote, na mama akajikaza kisabuni akatabasamu na kumtafutia shati lake. Mteja alipotoka, binti alikuwa keshambeba mtoto.

"Utakuja au huji?"

"Nitakuja," akasema mama. Akajiambia atamwambia njiani.

Hakumwambia njiani. Alhamisi walikwenda pamoja, na kila alipofungua mdomo akaishia kuuliza kama mtoto amekula. Kliniki ilikuwa ghorofani, sakafu inateleza, hewa imejaa manukato ya maua yasiyokuwepo. Ukutani picha za vifua bila vichwa. Hakuna uso hata mmoja! Vifua tu, vimepangwa kabla na baada, kama nguo zilizotundikwa kwenye hanga.

Daktari wa urembo alikuwa na meno meupe mno na viganja laini vinavyonukia krimu, na kila mwanamke kwake alikuwa "mrembo". Mezani alikuwa na mifuko ya mfano, ile ya jeli, anairusha kutoka kiganja hiki kwenda hiki huku anaongea, kama kijana anayecheza na chungwa.

"Shika, mrembo. Usiogope. Laini, eh? Hii ni ya maisha," akasema.

Binti akashika, akaminya, macho yakang'aa. Mtoto, aliyekuwa anahangaika mapajani mwa bibi yake, akanyoosha mkono akaudaka mfuko mmoja na kuutia mdomoni. Akaanza kuunyonya. Mate yakamtiririka juu ya ile plastiki iliyoshikwashikwa na mikono ya watu wote waliopita pale, na daktari akacheka hadi akajifuta macho.

"Ala! Anajua kitu kizuri huyu!"

Binti naye akacheka. Mama akaupokonya mfuko kwenye mdomo wa mtoto. Ulikuwa umelowa, unateleza, una uvuguvugu, akautupa mezani. Mtoto akapiga kelele na kuanza kumpiga bibi mateke kifuani, teke baada ya teke, naye hasikii hata moja.

"Na mama ndiye huyu?" daktari akauliza. Sasa akamtazama vizuri. Alitazama juu, akatazama ukingo pale shingo ya blauzi ilipoishia, akatazama namna yanavyosimama yasitikisike mtoto anavyorusha miguu. Akaelewa. Ilichukua kufumba na kufumbua tu. Mama aliona kabisa uso wake ukielewa, na akangoja aseme. Mama wa watu akatamani bwana huyo aseme ili mambo yaishe.

Daktari akatabasamu, akamwinulia nyusi kidogo, kama mfanyabiashara anayemsalimu mwenzake sokoni.

"Basi kazi yangu ni rahisi," akamwambia binti. "Hayo ni maumbile ya ukoo wenu, sisi tunakumbusha tu mwili kilichosahaulika. Tutafuata ramani ya mama."

Jamani, kuna watu na watu! Anajua, na anauza kwa kujua kwake! Na binti anaitikia kwa kichwa, amevikwa kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyeahidiwa pipi.

Kisha binti akakunja uso. "Mama. Unavuja."

Mama akainamisha kichwa. Mateke ya mtoto yalikuwa yamebandua plasta, na maji ya kidonda yalikuwa yamepenya kwenye blauzi. Duara la manjano, lenye uwekundu katikati, lilikuwa linapanuka taratibu juu ya ziwa la kushoto. Harufu ikafuata, tamu na iliyovunda.

Daktari akasogeza karatasi laini haraka haraka. "Mtoto kacheua tu, mama, jifute," akasema, na zile nyusi zikainuka tena.

Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, uko tayari, hata kuubuni hakuhitaji. Kilichobaki ni kuitikia. Akamtazama bintiye, akautazama mfuko ule uliojaa mate mezani, na mara akaona kinyaa kuliko alivyowahi kuona maishani mwake, si kwa kidonda, kwa yeye mwenyewe na huyu bwana kuwa upande mmoja.

Akampa binti mtoto. Akafungua kifungo cha kwanza.

"Mama, unafanya nini?"

"Hapana, mama, hapa si..." daktari akainuka.

"Wewe kaa chini!" Sauti ilimtoka hata yeye ikamshtua. "Hujaona mangapi? Kaa."

Akafungua vyote. Akavua sindiria yake ngumu kama mkanda, ikaacha mifereji mabegani. Na hayo yakatoka kwenye taa nyeupe ile, moja juu moja chini, kushoto limekakamaa limeangalia kwapani, kulia limesinyaa ubavuni, ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa ya kijani imejichora juu yake, makovu juu ya makovu kama nguo iliyoshonwa na kufumuliwa na kushonwa tena. Na kidonda cha pasi, kimelowa, ukingo wake umekunjuka. Akaweka kidole gumba katikati ya kidonda, akakandamiza. Usaha ukatoka ukateremka. Uso wake haukubadilika.

"Nimeungua juzi na pasi, Bi Mvuke ndiye aliyeniambia. Sikusikia. Sisikii chochote hapa, tangu uko mdogo. Ukoo wetu haukuchelewa, mwanangu. Ukoo wetu haunayo. Haya nilitiwa na mtu kama huyu, nikakudanganya. Gusa."

"Sitaki."

"Gusa! Ulitaka yawe kama yangu. Ndiyo haya."

Binti akanyoosha mkono, mtoto kwenye mkono mwingine. Akagusa lile la kushoto kwa ncha za vidole, juu kidogo ya kidonda. Baridi. Gumu. Kitu kikabonyea ndani, kikarudi, na ukingo wake ukamsogelea chini ya kidole kama kitu kilicho hai. Akauondoa mkono kwa kasi na kuufuta kwenye sketi yake, akaufuta tena. Akageuka, akatapika kwenye kapu la taka la daktari, chai yote ya asubuhi.

Daktari alikuwa anasema kwamba ile ni teknolojia ya zamani, kwamba siku hizi mambo yamebadilika, kwamba mama huyu hakufuata masharti. Hakuna aliyemsikiliza. Binti akajifuta mdomo kwa ile karatasi laini, akambeba mtoto, akatoka. Miadi ya wiki inayofuata ilibaki hapo mezani pamoja na ule mfuko wenye mate.

Mama alimkuta chini, nje ya jengo, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Vifungo vya blauzi alivifunga vibaya, kimoja kimeruka. Watu walikuwa wanapita na kumtazama kama kawaida, na kwa mara ya kwanza alitaka kuwarushia kitu.

"Niseme nini, mwanangu. Sina la kusema."

Mtoto alikuwa ameacha kulia, anamchezea mama yake hereni.

"Unajua," akasema binti bila kumtazama mama, "nilipokuwa mdogo, kila ukinikumbatia nilikuwa nahisi kama unanisukuma. Kila siku. Mwili wote unanivuta, halafu kuna kitu pale kati kinasema toka. Nilidhani hunipendi. Nilidhani ni kwa sababu sikufanana na wewe."

"Umefanana na mimi." Machozi yalikuwa yanamshuka mama hadi kidevuni. "Umefanana na mimi kupita kiasi. Mimi pia ni ubao wa pasi."

Akamsogelea, mikono imefunguka, kama mama yeyote duniani angefanya. Binti akarudi nyuma hatua moja na kuweka kiganja mbele.

"Usinikumbatie na hivyo vitu."

Mikono ya mama ikabaki hewani.

"Kavitoe kwanza," akasema binti. "Kesho. Nitakupeleka mwenyewe, nitakaa mlangoni mpaka wamalize." Akampandisha mtoto vizuri begani, na mtoto akalaza shavu kwenye kifua bapa cha mama yake, akapiga mwayo mmoja, akasinzia. "Ukipona, uje unikumbatie. Nataka nijue inakuwaje."